Kufu ya Vyuma: Nasaba ya Vipande vya Baiskeli ya Changarawe

Ukiuchukua mnyororo wa baiskeli na kuupima, uwe ni wa baiskeli nyeusi nzito ibebayo magunia ya mkaa kutoka shamba kwenda mjini, au uwe ni wa baiskeli nyepesi ya mashindano ambayo thamani yake yaweza kununua kiwanja na tofali za kuanzia, utakuta kuwa kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya pili pana nusu inchi, haizidi wala haipungui. Mnyororo huo ni mjukuu wa ule uliobuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya makao yake Manchester, na ijapokuwa hapo kale ilikuwapo pia minyororo ya inchi nzima, nusu inchi ilishinda, ikatawala, na Mwingereza, Mfaransa, Mwitalia na Mjapani wakaikubali kila mmoja kwa wakati wake. Ni mapatano ya nadra sana. Vipimo vingine karibu vyote vilipita katika ugomvi, na mtu anayetaka leo kujiundia baiskeli ya changarawe, yaani ile yenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo na tairi nene kiasi, iliyokusudiwa barabara za vumbi na kokoto, hurithi ugomvi wote huo siku ile ile anapofungua mkoba kununua kipande cha kwanza.

Wazee wa pwani walipoletewa posa hawakuanza kwa kuuliza mahari, bali waliuliza habari ya kufu: bwana huyu ni nani, mtoto wa nani, na je, analingana na huyu tunayetaka kumwoza? Mafundi wetu nao, bila ya kukusudia fikihi yoyote, husema kwamba nati na bolti zimeoana au hazikuoana, na kwa rai yangu neno hilo lina hekima kuliko istilahi nyingi za vitabuni. Mnunuzi mgeni hudhani kuwa chuma kukubali chuma kingine ni tabia ya chuma chenyewe, kama vile maji kuteremka bondeni, ilhali ukweli ni kwamba kila kipimo ni mapatano ya watu fulani, katika mji fulani, kwa manufaa yao wenyewe, na asiyejua nasaba ya kipande alichokishika mkononi atakioza kwa asiye kufu yake, kisha alie na talaka.

Ajabu ya historia hii ni kwamba kitovu chake hakimo katika baiskeli hata kidogo, bali kimo katika bunduki. Katika zama ambazo kila bunduki ilichongwa kwa tupa na mkono wa fundi mmoja, kipande kilichovunjika hakikuweza kupata badala isipokuwa kwa kuchongewa kingine palepale, na askari aliye vitani hana subira ya fundi wa tupa. Kwa hiyo mwaka 1861 wahunzi wa bunduki wa Birmingham waliungana wakaunda kampuni iliyoitwa Birmingham Small Arms, au BSA, kwa muradi wa kutengeneza silaha kwa mashine, ili kipande cha bunduki hii kiweze kukaa ndani ya bunduki ile bila ya kuguswa na tupa. Maagizo ya serikali yalipopungua mashine hizo hazikuachwa zishike kutu, zikageuziwa baiskeli. Na baada ya miaka kadhaa BSA ilikuwa ikiuza vipande vitupu, viungo vya fremu, habu na makazi ya ekseli ya pedali, kwa karakana ndogo ndogo ambazo ziliviunganisha na kuziita baiskeli hizo kwa majina yao wenyewe. Chapa yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezana. Huko Ufaransa mji wa silaha tangu kale ulikuwa Saint-Étienne, na kiwanda chake mashuhuri kilibeba katika jina lake silaha na baiskeli kwa pamoja, kana kwamba ni pacha. Huko Japani mji wa Sakai, uliosifika kwa visu na panga na, tangu karne ya kumi na sita, kwa bunduki za utambi, ndio mji ambamo Shozaburo Shimano alifungua karakana yake mwaka 1921, na kazi yake ya kwanza ikawa friwili. Miji mitatu, bahari mbalimbali, ufundi mmoja.

Laiti mafundi hao wa bunduki wangalikuwa na mfalme mmoja! Lakini kila taifa lilikuwa na fimbo yake ya kupimia, na fahari yake. Itazame hesi, yaani ile mizunguko ya meno inayochongwa ndani ya tundu ili kipande kikazwe kwa kuzungushwa, hususan ile ya makazi ya ekseli ya pedali pale chini kabisa ya fremu, mahali panapobeba uzito wote wa mguu wa mwendeshaji. Mwingereza alichonga tundu la inchi 1.37 lenye meno 24 kwa kila inchi, na kikombe cha upande wa kulia akakifanya kikazwe kwa kuzungushwa kushoto, kwa sababu gololi zinapozunguka ndani ya kikombe hukisukuma taratibu kinyume cha mwendo wao, na kikombe kisichochongwa kwa hadhari hiyo hujilegeza chenyewe safarini. Mfaransa alichonga milimita 35, jino na jino likiachana kwa milimita moja, na vikombe vyote viwili akavikaza kuelekea kulia. Mwitalia alichonga milimita 36 lakini meno akayahesabu 24 kwa inchi, akaziweka milimita na inchi katika tundu moja. Naye pia alikaza kulia kote kuwili, na ndiyo maana waendeshaji wa baiskeli za Kiitalia za zamani wanajua mateso ya kikombe cha kulia kinachofunguka njiani. Pedali nazo zilikuwa na inchi kwa Mwingereza na milimita kwa Mfaransa, tofauti ndogo mno kwa jicho, kubwa mno kwa hesi.

Hata ndani ya Uingereza yenyewe hapakuwa na amani, kwani kiwanda cha Raleigh cha Nottingham, kilichokuwa kikubwa kiasi cha kutohitaji ujamaa na mtu, kilichonga meno 26 kwa inchi katika tundu ambalo kipenyo chake ni karibu sawasawa na kile cha kawaida cha meno 24. Kikombe cha mgeni huingia humo mizunguko miwili kwa adabu kabisa, kisha husita. Na fundi asiye na subira, akidhani ni kutu, huongeza nguvu ya spana, akaharibu kikombe na fremu kwa dhambi moja. Nilipokuwa kijana nilimwona fundi mmoja wa mtaani kwetu ambaye hakuwa na kitabu wala kipimo cha chuma, walakini hakupata kushika spana kabla ya kuizungusha nati kwa ncha za vidole hadi mwisho wake, na kama vidole vilikataa, naye alikataa. Sijapata kusoma kanuni ya kuchagua vipande iliyo bora kuliko vidole vya mzee yule.

Magurudumu yana kisa chao, na hapa ndipo ilipo taksiri ya watu wengi zaidi kuliko mahali pengine popote. Wafaransa wa zamani waliitaja tairi kwa kipenyo chake cha nje ikiwa imejaa upepo, kwa milimita, kisha wakaongeza herufi ya kuonyesha unene: A ni nyembamba, B ni ya wastani, C ni nene. Kwa kuwa kipenyo cha nje kilitakiwa kibaki kimoja, tairi nene ililazimu rimu ndogo, na hivyo 700C, iliyoanza kuwa nene kuliko ndugu zake, ikapata rimu ya milimita 622, na 650B ikapata 584. Kisha zama zikapita, tairi nene zikaondolewa, nyembamba zikawekwa juu ya rimu zilezile, na majina yakabaki kama majina ya mitaa ambayo mito yake imekauka. Waingereza walifanya hivyohivyo kwa inchi, hata ikawa tairi mbili zenye kuitwa 26 zaweza kukaa juu ya rimu zinazotofautiana kwa zaidi ya milimita 30. Shirika la Ulaya la tairi na rimu, ETRTO, ndilo lililokata shauri lenye insafu, shauri ambalo baadaye lilitiwa katika kanuni za kimataifa: andika upana wa tairi, weka kistari, kisha andika kipenyo cha rimu pale hasa tairi inapokalia, mathalani 40-622. Mnunuzi na asamehe majina yote ya kifahari yaliyopigwa chapa kubwa ubavuni mwa tairi, atafute tarakimu hizo ndogo, aghalabu zilizochapwa karibu na ukingo, maana hizo hazina nchi wala fahari.

Afrika Mashariki ilipita katika ghasia zote hizo kama mtu apitaye sokoni akiwa amelala juu ya punda. Baiskeli zilizotufikia na kutubebea makarani, walimu, wahubiri, samaki wa asubuhi na mikungu ya ndizi zilikuwa karibu zote ni za ukoo mmoja, ile nyeusi ya Kiingereza yenye rimu ya 28 kwa 1½, breki za fito za chuma, na kotapini zinazoshika krenki. Na hata Uingereza ilipopungua, waliopokea kazi, kina Hero wa Ludhiana walioanza mwaka 1956, na viwanda vya China vya Phoenix na Flying Pigeon, walinakili umbo lile kwa uaminifu wa mwanafunzi wa chuo. Ndipo baiskeli ya Kenya ikaitwa Black Mamba, na katika miaka ya 1960 mpakani mwa Kenya na Uganda ikawabeba abiria, nayo ikaacha jina lake la boda boda kwa pikipiki zilizoirithi. Tairi iliyonunuliwa Kigoma ilikaa juu ya rimu iliyotoka Lamu, na spoku za duka la Mhindi zilifaa habu ya duka la Mwarabu. Hatukuijua neema hiyo kwa sababu hatukupata kuikosa, na nadhani ndiyo iliyowafanya wengi wetu waamini hadi leo kwamba baiskeli ni baiskeli na kipande ni kipande.

Kilichovunja mapatano ya namna hiyo kwingineko duniani ni gia. Huko Saint-Étienne, katika milima inayouzunguka mji ule, Paul de Vivie, mhariri wa gazeti la Le Cycliste aliyejulikana zaidi kwa jina lake la kalamu, Vélocio, alitumia sehemu kubwa ya umri wake akihubiri kwamba mwendeshaji mwenye busara hubadili meno kadiri njia inavyopanda na kushuka. Na Henri Desgrange, bwana wa mashindano ya Tour de France, alimpinga kwa ukali, akiona kuwa vitu hivyo ni vya wazee na wadhaifu, hata vihamisha cheni havikuruhusiwa kwa washindani wote wa Tour mpaka mwaka 1937. Lakini kwa miongo mingi baada ya ruhusa hiyo gia zilikuwa na tabia njema, kwani wenzo wake haukuwa na vituo: mwendeshaji aliuvuta, akasikiliza, akarudisha kidogo mpaka mlio wa cheni utulie. Wenzo wa Kiitalia wa Campagnolo uliweza kuvuta kihamisha cheni cha Kijapani cha SunTour juu ya friwili ya Kifaransa, maana sikio la mtu ndilo lililokuwa mshenga, na sikio halina chapa.

Mwaka 1984 Shimano walileta katika seti yao ya Dura-Ace wenzo wenye vituo, ambao kila kituo chake ni jino moja, yaani gurudumu moja la meno, na ukiusukuma hulia ta! na cheni huhamia mahali pake bila ya kusikilizwa na mtu. Ilikuwa neema kwa mwendeshaji; kwa mnunuzi ilikuwa mwanzo wa kifungo. Kwa sababu sikio lilikuwa limehamishwa kutoka kichwani mwa mtu na kutiwa ndani ya wenzo, basi urefu wa waya unaovutwa na wenzo, uwiano wa kihamisha cheni, na nafasi iliyo baina ya jino na jino, vyote vitatu vililazimika kuwa ndugu wa tumbo moja. Hata ndani ya nyumba moja udugu ulikatika: katika zama za gia tisa, waliopenda safari ndefu za milimani waliweza kuoza wenzo wa Shimano wa barabarani na kihamisha cheni chake cha mlimani, ndoa iliyodumu vizuri, lakini ilipokuja gia kumi nyumba ile ilibadilisha mvuto wa waya wa mlimani, na ndoa zile zikawa haramu. Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba idadi ya gia haitoshi kuwa ithibati. Kumi na kumi huenda zisizungumze kabisa.

Baiskeli ya changarawe ilizaliwa katikati ya hali hiyo, na wazazi wake hawakuwa viwanda. Katika vilima vya Flint vya jimbo la Kansas, ambako mawe magumu ya gumegume yaliwazuia wakulima kulima na kwa hiyo yakayahifadhi majani marefu ya asili, barabara za kokoto hukata nchi kwa mistari iliyonyooka, na mawe yale, ambayo wenyeji wa kale waliyachonga kuwa ncha za mishale, hukata mipira ya tairi kwa ustadi uleule. Mwaka 2006 watu 34 walikusanyika Emporia kushindana maili 200 za njia hiyo, kadiri ya kilomita 322, katika mashindano ambayo leo huitwa Unbound Gravel; na kwa kuwa haikuwapo baiskeli ya kazi hiyo, waliendesha walichokuwa nacho, hizi za mlimani, zile za matopeni. Za matopeni zilikuwa nyepesi lakini nafasi ya tairi ilikuwa finyu. Za mlimani zilikuwa na nafasi lakini zilichosha. Miaka michache baadaye viwanda viliyaona mahitaji hayo vikaanza kutoa fremu za makusudi, na mwaka 2019 Shimano wakatoa GRX, seti yao ya kwanza iliyokusudiwa changarawe.

Breki za sahani ndizo zilizoifungua njia, na kwa namna ambayo aliyezibuni huenda hakuitazamia. Maadamu breki haishiki tena rimu, ukubwa wa rimu si shuruti tena kwa fremu, na fremu moja yaweza kubeba rimu ya 622 yenye tairi nyembamba au rimu ya 584 yenye tairi nene, kwa kuwa kipenyo cha nje cha magurudumu hayo mawili hukaribiana sana. Hivyo ile 650B ya Wafaransa, kipenzi cha watalii wa zama za Vélocio na wanafunzi wake, iliyokuwa imebakiwa na wapenzi wachache, ikafufuka na kupewa kiti cha heshima. Nafasi hiyo ya tairi, hata hivyo, ilidai malipo: ili tairi nene isigusane na meno ya mbele, GRX iliyasogeza meno hayo nje kwa milimita 2.5, na kwa sababu hiyo kihamisha cheni chake cha mbele ni kufu ya krenki yake tu. Anayefunga krenki ya barabara pamoja na kihamisha cheni hicho atasikia cheni ikisugua, ajue ni milimita 2.5 zinazozungumza.

Kwenye gurudumu la nyuma yapo mengine. Silinda ya habu inayovishwa meno si moja: ile ya zamani ya Shimano hukomea jino dogo la 11, na atakaye jino la 10 hana budi kutafuta silinda ya namna nyingine, ya kampuni ya SRAM au ile mpya ya Shimano wenyewe. Ekseli ya changarawe kwa kawaida ni ya kupenya, milimita 12 kwa unene, na upana wa habu ni 100 mbele na 142 nyuma. Gurudumu la mlimani la upana mpana zaidi, hata likiwa zuri na la bei ya kutupa, halitaingia, na nimewahi kuona mtu mwenye akili zake akijaribu kuipanua fremu ya kaboni kwa mikono miwili. Breki za maji nazo zina miiko: kuna zilizotengenezewa mafuta ya madini na kuna zilizotengenezewa maji ya DOT, kama yale ya magari, na ukichanganya, mipira midogo ya ndani huvimba na kuoza. Hakuna nasaba wala udugu hapo, ni sumu.

Miaka ya 2000 viwanda vilichoshwa na hesi, vikaanza kuyashindilia makazi ya ekseli ya pedali ndani ya fremu kwa nguvu bila ya kukaza, kila kiwanda kwa kipimo chake, mpaka vipimo vikawa vingi kuliko siku za mwezi kwa mnunuzi maskini; na sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilileta mlio wa kukera, ki-ki-ki, kila mguu ukandamizapo. Wenye baiskeli za changarawe, ambao vumbi na matope huzidisha mlio huo, walilalamika zaidi ya wengine, na fremu nyingi mpya zikarudi kwenye hesi. Hesi ipi? Ile ya inchi 1.37, meno 24, kulia kukikazwa kushoto, ambayo dunia nzima huiita mpaka sasa kwa herufi tatu za wahunzi wa bunduki wa Birmingham. Kati ya vyote vilivyoletwa kwa mbwembwe nacheka zaidi kwa hilo. Na pembeni mwa ugomvi wote huo, vikombe vya chupa ya maji hukaa juu ya matundu mawili yanayoachana milimita 64, yenye bolti za milimita 5, karibu kwenye kila baiskeli ya leo, na vita juu yake sijasikia.

Baiskeli hizo zimefika kwetu. Tangu 2021 mashindano ya Migration Gravel Race hupita katika nchi ya Wamasai kando ya Mara, na vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wameshiriki, wengine chini ya timu ya Amani ambayo nahodha wake, marehemu Sule Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni huko Vermont, Marekani. Njiani mwao yapo maduka madogo ya vijijini yanayouza sabuni, chumvi, solusheni na tairi za baiskeli zilizotundikwa kwa kamba. Mwendeshaji ambaye tairi yake imepasuliwa na jiwe akiuliza tairi namba 28 atapewa bila ya ubishi, na jina ni lile lile, maana hata tairi za 622 huko Ulaya huandikwa 28. Lakini hii ya dukani ni ya ile baiskeli nyeusi, ya rimu ya milimita 635, na juu ya rimu ya mwendeshaji itapwaya kwa milimita 6 na nusu kila upande. Fundi wa hapo, akiwa amechutama kivulini, ataizungusha mara moja kwa vidole, ataitoa, atairudisha kambani, kisha ataomba sindano, uzi mnene na kipande cha mpira wa ndani uliochakaa.